Fuso Iliyorudi Tupu Kutoka Kilolo

Nyuma ya soko la Mwanjelwa, kwenye benchi la Bwana Matano muuza kahawa, asubuhi ile ya Machi mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na baridi ilitufanya tushike vikombe kwa mikono miwili. Tulikuwa wanne: Matano na birika lake, Lugano fundi viatu, tunayemwita Hansadi, kama kumbukumbu za bunge, kwa kuwa hakuna hoja asiyoichangia, Jailos dereva wa lori la Fuso, maarufu Gia Tano, na mimi. Gia Tano alikuwa amenuna. Kampuni yake ya kununua viazi ilimtuma Kilolo, akafika, akakuta viazi ndiyo kwanza vina maua. Akarudi tupu.

— Na aliyenituma si mtu, alisema. Ni ile akili mnemba yao ya kwenye simu. Mzee Aroni, mkulima wa kule, kaiandikia, “Gari la viazi linakuja lini?” Yenyewe ikanituma mimi. Siku mbili njiani, jamani!

— Ina wivu hiyo, Matano akasema. Inakaa ndani ya simu, Kilolo haijawahi kufika. Ikatuma mtu akaione kwa niaba yake.

— Wapi! Hansadi akadakia. Inatumia setilaiti. Imeona maua meupe kutoka juu, ikadhani ni viroba vimeshapangwa shambani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? nikamuuliza.

— Itaingia tu. Subiri.

Tulikuwa bado tunacheka alipofika Tumpe, binti wa kampuni ile ile, ana karatasi mkononi na macho mekundu.

— Shikamoo, kaka Jailos.

— Marahaba. Umekuja kunituma tena?

— Nimekuja kuomba radhi. Kosa si la mashine, ni langu. Saa nne bosi anaijaribu mwenyewe. Ikikosea tena, nimefukuzwa.

Gia Tano akakuna kichwa. Hasira ikampungua, nilimwona. Akasogea, akampa nafasi.

— Kosa lako vipi?

— Ile akili haina macho, kaka. Kila kazi inayoweza kuifanya nimeiandikia maelezo. Mtu akiuliza, inasoma maelezo, inachagua kazi. Nataka niwasomee nyie, mchague kama yenyewe. Mkikosea nyie, mjue na yenyewe itakosea.

— Tusomee! Hansadi akasema, akajiweka sawa kama yuko bungeni.

— Kazi ya kwanza: “Gari. Kwa mambo ya gari.” Ya pili: “Ratiba. Kwa mambo ya ratiba.” Mkulima anauliza: “Gari la viazi linakuja lini?”

— Gari! tukajibu wote kwa pamoja.

Aliyepaza sauti kuliko wote ni Gia Tano.

— Basi umejituma mwenyewe Kilolo, Tumpe akamwambia.

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Matano ilibidi aweke birika chini. Gia Tano naye akacheka mpaka akajifuta machozi.

— Kumbe nimeitukana bure ile mashine!

— Sasa sikilizeni nilivyoandika leo, Tumpe akasema. “Tuma gari. Tumia pale tu mkulima anaposema viazi vimeshachimbwa na anataka vibebwe. Usitumie akiuliza habari.” Na hii: “Angalia ratiba. Humwambia mkulima siku gari litakapofika. Haitumi gari.” Mzee Aroni anauliza tena: “Linakuja lini?”

— Ratiba!

— “Viroba arobaini viko tayari, njooni mbebe.”

— Tuma gari!

— “Jirani yangu gari lake limepita jana, na langu je?”

Hansadi alitaka kutuma gari. Tukambishia, akasoma karatasi mwenyewe, akanyanyua mikono. Tumpe akaongeza mstari mmoja pale pale, akamsomea tena, na safari hii Hansadi akapatia. Maswali kumi na mbili tuliyajaribu hivyo. Tumpe akaanza kutabasamu, akakubali hata kahawa.

Wakati huo alikuwa amesimama mama mmoja aliyetoka Makongolosi, Mama Yusta, anayeuza viazi kule kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa anasubiri kikombe chake.

— Samahani, mwanangu, alisema. Mimi sijasoma. Hapo zipo mbili tu: kutuma gari na kuangalia ratiba?

— Ndiyo, mama.

— Sasa mkulima akiandika, “Daraja limebebwa na maji, msije,” itachagua ipi?

Matano akamtazama Hansadi. Hansadi akaanza, “Wahenga walisema...” kisha akaichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akamrudishia Tumpe.

Tumpe akatazama saa. Saa tatu na robo. Akageuza karatasi upande usioandikwa, akaandika: “Kazi ya tatu.”

— Mama, alisema, naomba ukae hapa kidogo.