Mkia wa Samaki wa Wadii

Kila asubuhi, kabla nyundo hazijaanza kulia machimboni, wazee wa kijiji hiki cha mlima wa Lebanoni hukaa kwenye benchi nje ya duka la Jirjis, wakinywa kahawa ya iliki na kubishana. Kazi yao ni kupasua mawe ya chokaa na kuuza samaki waliogeuka mawe ndani yake tangu milima ilipokuwa bahari. Leo Baba Wadii amekuja na barua, na hana hamu hata ya kuonja kahawa. Miaka tisa iliyopita mwanawe alichimbua samaki asiyejulikana, na wiki hiyohiyo jabali likamuua. Wataalamu wakampa samaki huyo jenasi, yaani ukoo, yake peke yake, wakaiita kwa jina la marehemu. Sasa wameifuta.

— Wivu huo! akafoka mzee Patasi, mpasua mawe mwenzake. Hawataki jina la mtu wa mlimani likae vitabuni.

— Wivu wapi? akasema Dokta, ambaye hata shule hakumaliza. Majina yamewajaa kabatini, wanapunguza.

— Si wapunguze ya kwao!

— Au samaki mwenyewe kageuka. Miaka tisa chini ya taa, kwenye kioo cha makumbusho, mchezo?

— Jiwe ligeuke? Dokta, kahawa imekupanda kichwani.

— Basi kabadilishwa. Wa kweli yuko sebuleni kwa mkubwa fulani, nakwambia!

— Acheni, jamani, akasema Baba Wadii. Wamempiga picha ya mionzi. Kiwiliwili ni cha samaki wa kawaida, hawa hawa tunaowauza. Mkia ni wa samaki mwingine. Umeungwa kwa gundi.

Akaiweka barua magotini.

— Niliuunga mimi.

— Ah, sote si tunaunga? Patasi akamtetea. Nani anunue samaki kipande?

— Sikuwa nauza, Patasi. Nilitoka kumzika, nikamkuta samaki wake hana mkia. Nikataka awe mzima. Mtoto nimemfuta kwa mikono yangu.

Mama Wadii alikuwa anakuja kutoka kanisani, mtandio mweusi begani. Kusoma hajui, ila barua ya wataalamu anaitambua kwa muhuri wake. Uso ukamchangamka.

— Wameandika tena! Wanasemaje? Jina la mwanangu bado wanalitaja?

Patasi akageukia barabarani. Dokta akatafuta sigara ambazo hana.

— Jamani, nauliza. Baba Wadii, si nakuuliza wewe?