Glovu Kwenye Kamba

Bajaji ya Madale hupakia watatu nyuma, na siku hiyo Bi Mwajabu alikaa katikati ya ubishi usiomhusu, au ndivyo wabishi walivyodhani.

"Kwani kuitwa 'dili' ndo nini hadi mechi ya juzi isimamishwe?" alifoka mzee wa kushoto. "Kipa unadaka, unanyamaza. Mie nilikuwaga kipa, tulitukanwa sana."

"Samahani mzee wangu, nyie mlitukanwa tu," alijibu dada wa kulia, kapu la mchicha mapajani. "Yule ana ualbino. Kumwita dili ni kumwambia viungo vyake vina soko. Kamwambia refa, mechi ikasimama. Kafanya vizuri, hata kama jukwaa zima lilimzomea."

"Haya. Na hao waliozomea wakimfuata nyumbani, refa atakuwepo?"

Dada alilisogeza kapu lake mapajani. Bi Mwajabu alikuwa amekesha usiku wa jana akilitafuta jibu la swali hilohilo.

"Nasikia anakaa hukuhuku na mama yake," dada alisema kwa upole. "Mama, wewe unaonekana mwenyeji. Nyumba yao ipi, nikawape pole?"

Uso wake ulikuwa wa mtu mwema. Bi Mwajabu aliuogopa vilevile.

Mbele, uani kwake, glovu za kipa zilining'inia kwenye kamba, bado zikichuruzika maji.

"Siwajui," alisema, akaipita nyumba yake bila kugeuza shingo. Alishukia kona ya tatu, akasimama mpaka mlio wa bajaji ulipopotea, ndipo akarudi mbio kuzianua.