Magongo ya Delphine

Mwanaume mwenye Biblia alimpokea Delphine magongo yake alipopanda teksi-busi kwenye kituo cha Karavia, akayabana kati ya magoti, kisha akaanza kumkemea.

"Mama, siku ya Mungu uache hii magongo ku mulango ya kanisa. Ukiingia nayo, unaonyesha kama hauamini."

Mounira, aliyeketi kando yao na kikapu cha samaki wa Kasenga, alijiambia kwamba mambo ya kanisa hayamhusu Mwislamu. Masikio yake yalikataa kutii.

"Niliisha kuyaacha, papa. Pasteur wa kanisa alisema nitatembea. Nilianguka mbele ya kwaya yote."

"Ni juu imani yako ilikuwa kidogo!"

"Imani yangu yote ilikuwa pale. Nilipolala chini, batu banacheka, njo pale nilimusikia Yesu karibu. Wakati nilikuwa na miguu muzima, sikumusikia hata siku moja."

"Usiseme vile! Ugonjwa iko ya shetani."

"Pengine. Lakini Yesu alinikuta mule ndani."

Gari likasimama katikati ya mji. Delphine alinyoosha mkono.

"Nashuka hapa, papa. Nipe magongo, ao uniambie mbele ya hii batu nitembee."

Mkono ulibaki hewani. Magoti ya mwanaume hayakufunguka.