Bi. LaVonne Kubicek Anarudisha Beji

Ijumaa tarehe 25 Aprili 2025, saa tisa alasiri, Bi. LaVonne Kubicek atarudisha beji yake getini na kuhitimisha miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kituo chetu cha umeme wa nyuklia cha Willow Bend. Muda wote huo amefanya kazi moja, ya kupima mkojo wetu kutafuta dawa za kulevya, katika chumba kimoja, chenye choo kimoja ambacho maji yake hutiwa rangi ya buluu ili mtu asiyachote akayaita mkojo.

Alianza Aprili 1994, akitokea hospitali ya kaunti. Aliambiwa kazi ni ya muda. Tangu hapo amepokea sampuli zaidi ya elfu arobaini, mbali na waliopuliza kifaa cha kupima pombe. Kila mmoja wetu mwenye ruhusa ya kuingia eneo la kinu amewahi kusimama mbele yake, mifuko imepinduliwa nje, mikono imeoshwa, uso umenuna.

Jina likichaguliwa na kompyuta asubuhi kwa bahati nasibu, halina rufaa. Mwaka 2011 kompyuta ilimchagua mkurugenzi wetu wa wakati ule mara tatu ndani ya wiki tano. Mara ya tatu alifika amefura. "LaVonne, hii mashine yenu ina kisa gani na mimi?" Bi. LaVonne akampa kikombe. "Mashine haina mjomba wala shangazi, bosi. Kanawe mikono." Jina la Bi. LaVonne mwenyewe limo humohumo kwenye kompyuta. Ameitwa mara kumi na tisa, na kila mara alinuna kama sisi.

Vituko huzidi mtambo unapozimwa kubadilishwa fueli, mafundi wa mkataba wakija kwa mamia. Yupo aliyeficha mkojo wa shemeji yake kiunoni, pamoja na kifuko cha kuupasha moto. Kipimajoto kilipanda hadi mwisho. Bi. LaVonne alikitazama, akamtazama yule bwana. "Kaka, kama huu ni wako kweli, keti nikuitie ambulensi. Mwenye joto hili hasimami." Yule bwana aliondoka bila kuaga.

Tulimwogopa, tuseme ukweli. Akiingia karakana, kila mtu hukumbuka kuna kitu anakitafuta ndani ya sanduku la vifaa. Yeye alilijua hilo, na mapema kabisa aliamua kutokula meza moja na mtu yeyote bwaloni, asije akaambiwa anampendelea huyu au anamwinda yule. Kwa hiyo amekula peke yake miaka yote hii, kando ya mashine ya barafu, akisoma gazeti la jana.

Mimi ninayeandika haya, Dwight Sedlacek, mchomeleaji wa mabomba, nina sababu yangu ya kuandika. Sheria inataka joto la sampuli lisomwe ndani ya dakika nne. Zikipita, mkojo hupoa wenyewe. Na mkojo uliopoa huhesabiwa kuwa umeletwa mfukoni. Anayeleta mkojo mfukoni hafungiwi Willow Bend tu, hufungiwa vituo vyote vya nyuklia nchini.

Machi 2006 nilimkabidhi kikombe changu. Kabla hajasoma joto, mtu mmoja aliyekuwa koridoni, ambaye alikuwa akinywa maji saa mbili nzima akisubiri mkojo umjie, alianguka chini kwa kishindo. Bi. LaVonne akamkimbilia. Aliporudi, kipimajoto kilikuwa kimeshuka. Msimamizi wa kitengo aliingia, akakiona, akanivua beji palepale. Nilikuwa na watoto wawili na ufundi mmoja tu.

Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kosa la mpimaji. Bi. LaVonne akaandika pembeni: "Nimesoma dakika ya saba. Kosa ni langu, si la Sedlacek."

"We LaVonne," msimamizi akasema, "si ungeacha tu? Nani alikuwa anaangalia saa?"

"Mimi. Ndiyo kazi mnayonilipa."

Nilitoa sampuli nyingine, safari hii nikitazamwa. Ikatoka safi, na beji nikarudishiwa siku ya tatu. Yeye alipewa barua ya onyo, pamoja na mafunzo ya siku mbili ya jinsi ya kusoma kipimajoto, yaliyotolewa na mwanafunzi wake wa zamani. Alihudhuria yote na kuandika maelezo daftarini.

Mama yangu, Albina, alimwokea kolachi, vile vikate vyetu vya duara, vya mbegu za mpopi. Mpopi ni mmea uleule utoao afyuni, na mbegu zake zinaweza kumtia mtu matatani kwenye kipimo. Bi. LaVonne alifunua kitambaa, akanusa, akafunika. "Dwight, rudisha. Kwanza sipokei zawadi. Pili, hizi haziingii mdomoni mwangu nikiwa na beji. Mwambie mama nitazila siku nikiirudisha." Baadaye dada yake aliniambia kwamba mama yao alikuwa akizioka kila Jumamosi, na kwamba LaVonne hajaonja hata moja tangu 1994.

Kila Pasaka mama huniuliza: "Yule mama wa vikombe bado tu hajastaafu? Mimi nitakufa na unga mkononi!" Sasa ana miaka tisini na mmoja. Wiki iliyopita nilimpa jibu alilokuwa akilingoja. Akaniuliza siagi iko wapi.

Ijumaa tutaweka meza ndefu nje ya geti. Zitakuwepo kolachi za aprikoti na za plamu kwa ajili yetu, maana sisi kompyuta bado inatujua. Sinia la mpopi ni lako peke yako, Bi. LaVonne, na mama atalileta mwenyewe. Kiti chako kiko katikati yetu. Safari hii utakula wewe, na sisi ndio tutakaotazama.

Asante kwa dakika ya saba. Tunakuombea afya na siku nyingi zenye furaha. Kula taratibu, hakuna atakayeangalia saa.