Sabuni Niliyopewa Mahali pa Kazi

Bamama, bababa, mukae tu, mi njo nitasimama. Niliona bengine banatoa ushuhuda, banaanza kulia hata jina habajasema. Mi nitajaribu kusema kwanza. Nikilia, muningoje.

Sisi bote hapa tunajua listi ya musaada. Umekimbia vita, umefika Baraka, unakuta muntu wa shirika na karatasi yake, anakuambia: "Mama, jitambulishe." Unajifunza haraka. Ukisema "mi ni mulimaji", kalamu haisogei. Ukisema mujane, inasogea. Ukisema nyumba iliungua, inasogea tena. Ile kazi niliijua vizuri sana, mi huyu. Nilijua sauti ninaishusha wapi, machozi yanatoka wapi. Na haikuwa uongo, bandugu zangu, nawaambia. Bwana yangu balimuua kweli, mu shamba, kule Lubondja. Nyumba iliungua kweli. Lakini nilisema hayo mara mingi mpaka yakakuwa kama salamu.

Nilifika hapa na batoto babili, na paa hapana. Wa kwanza, musichana, nilimuacha kwa familia moja ya kanisa hapa Baraka. Wa pili, kijana wa miaka tatu, muke wa shemeji akamuchukua kwake Kazimia, mwendo wa boti. Mi mwenyewe nililala leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nilitaka kitu moja tu: kazi, nipange chumba, batoto barudi chini ya paa moja.

Nikasikia shirika fulani inatafuta mupishi wa ile nyumba kwenye banalisha batoto ba utapiamlo. Nikaandika jina, bakaniita. Nikakuta bantu batatu nyuma ya meza, kati yao mama moja anaandika. Bakasema: "Mama, jitambulishe."

Mungu wangu! Mudomo ukaenda wenyewe mu njia yake. "Mi ni mujane, ni deplase, vita ilinikimbiza Lubondja, nyumba iliungua, niko na batoto babili, sina wa kunisaidia." Sauti nikaishusha palepale, machozi yakatoka palepale. Bantu banatafuta mupishi, na mi neno "kupika" sikulitaja hata mara moja! Yule mama akainuka, akanishika bega: "Pole sana, mama." Akanipa sabuni.

Munacheka? Mucheke tu. Nilienda kuomba kazi, nikatoka na kipande cha sabuni, na nilifurahi. Niliwaza: bamenihurumia, basi kazi ni yangu. Juma moja ikapita, bakaita mwingine.

Mwezi uliofuata, surua ikaingia Kazimia. Simu ikanifikia, nikapanda boti, na nilipofika balikuwa bameshamuzika kijana wangu. Udongo ulikuwa ungali mubichi. Nilikasirika, bandugu. Nilimukasirikia Mungu, nikamukasirikia muke wa shemeji, na yeye hakukosa kitu, alimuchunga kama wake. Zaidi nilijikasirikia mi mwenyewe. Ningepata ile kazi, angekuwa kwangu. Labda angekufa tu, surua haichagui. Lakini angekufa mu mikono yangu.

Munajua vile tunafanya pa matanga: mama mwenye kufiwa anakaa pa mukeka, hagusi chungu, hagusi moto. Nikakaa. Siku ya pili nikasikia harufu ya chakula kinaungua. Bamama ba jirani banapika, bantu bamejaa, na moto ni mukali. Sikujua hata ninafanya nini. Nikaanza kusema palepale pa mukeka, macho chini: "Toa kuni mbili. Majani ya sombe, gawa mu sufuria mbili. Unga usitie wote, boti ingine inakuja. Hawa ni bantu makumi sita, batafika makumi nane." Bakafuata, na chakula kikatosha.

Mama moja mukimbizi wa Burundi, mwenye alikuwa anasonga bugali, akaja akachutama mbele yangu. "Mama, wewe ni nani?"

Nikaanza: "Mi ni mujane, ni deplase..."

"Hapana," akanikata. "Hayo ni mambo yalikupata. Na mi yalinipata. Ninauliza wewe ni nani, mwenye anajua chungu bila kukiangalia?"

Nikamwambia polepole: kule Lubondja nilipikia internat, bweni ya batoto ba shule mia mbili, asubui na magaribi, miaka kumi na mbili. Tangu vita, sikuwa nimemwambia muntu yeyote.

Kisha, huku Baraka, yule mupishi wa shirika akahama. Nikaandika jina tena. Meza ilikuwa ile ile, mama wa sabuni ni yule yule, na hakunikumbuka hata kidogo. "Mama, jitambulishe." Mudomo ukataka njia yake. Nikaufunga. Nikasema jina langu, nikasema: "Mi ni mupishi. Nilipikia batoto mia mbili, sufuria tatu, bamama babili ba kunisaidia. Najua kupima unga kwa macho. Uji wangu hauna madonge. Mutoto akikataa kula, najua kukaa naye mpaka akule." Bakauliza juu ya maji, juu ya usafi, nikajibu. Hakuna mwenye alisema pole. Pa mwisho moja wao akauliza: "Uko na batoto bangapi?"

Nikasema: "Moja."

Lile neno, bandugu! Ningesema habari ya kijana wangu, bangenipa sabuni. Sikutaka sabuni juu ya mutoto wangu.

Huu ni mwezi wa nane niko mu ile kazi. Musichana wangu amerudi, tunalala chumba kimoja. Kila asubui ninakoroga uji wa batoto bembamba, na kuna bengine bako na kimo cha kijana wangu. Siku zingine ninatoka inje kwanza, kisha ninarudi pa chungu. Sijapona yote, nisiwadanganye.

Ninashukuru familia yenye ilimuchunga binti yangu. Ninamushukuru muke wa shemeji, na ninamuomba musamaha mbele yenu. Yule mama wa Burundi mwenye aliniuliza mi ni nani, sijui hata jina lake, Mungu anamujua. Na nyinyi benye munaenda kuomba kazi: bakikuambia ujitambulishe, usibape vita. Sema mikono yako ilifanya nini na inaweza nini. Kilio ukilete hapa, tutakaa nacho pamoja.

Sasa mi nijitambulishe, maana nilikuwa sijamaliza. Jina langu munalijua. Mi ni mupishi. Kule pa meza nilisema mutoto moja. Niko na batoto babili.