Bi Masizi na Kaboni Iliyoishinda Platinamu

Marehemu, ambaye ukoo mzima ulimwita Bi Masizi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, binti wa fundi cherehani na mkunga. Kiberiti chake cha kwanza alipewa na mjomba wake, anayewasomea wasifu huu. Sifa hiyo mtu asimnyang'anye.

Alisoma hadi chuo kikuu, akahitimu kemia mwaka 1986. Mjomba aliishia darasa la saba, lakini kwenye mahafali alikula kuliko wahitimu.

Aliajiriwa maabara ya chuo, chumba chenye tanuri moja na dirisha lisilofungika. Humo walitengeneza seli za haidrojeni, vifaa vinavyolishwa gesi na hewa vikatoa umeme na maji. Kichocheo, kitu kinachoharakisha kazi hiyo, kilikuwa platinamu, madini ya matajiri. Yeye alitaka kaboni, ndugu wa masizi, iifanye kazi hiyo.

"Masizi yafanye kazi ya kito?" mjomba alimcheka.

"Masizi yangu hayana maringo, mjomba."

Mwaka 1991 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza tanuri, kisha akawa anarudi kulitengeneza likiwa zima.

Mwaka 2004 kaboni yake ililingana na platinamu. Wageni walioalikwa kushuhudia walishangilia, yeye akanuna. Waya mmoja wa chombo cha majaribio ulikuwa wa platinamu, naye alishuku umeyeyuka kidogo kidogo na kuipaka kaboni sifa za bure.

"Nyamaza, mama, tumeshinda," mkuu wa maabara alimnong'oneza.

"Tumeshinda kwa miguu ya kuazima, mzee."

Akawatangazia wageni ukweli, akang'oa waya, akaweka kijiti cha kaboni, akapaka kaboni mpya isiyoguswa na waya ule. Seli ikafifia palepale. Wenzake walimnunia miaka. Alichoma kaboni upya, akaichanganya na naitrojeni na chembe za chuma, hadi mwaka 2011 seli ikawaka bila platinamu hata punje. Siku hiyo mjomba alitembea mtaani kana kwamba ameivumbua yeye.

Figo zilimsumbua tangu 2021. Kitandani alimwonya mumewe: "Siku yangu msikodi jenereta. Mtaniaibisha." Alifariki tarehe 2 Februari 2023 asubuhi, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mjomba asiyejua kunyamaza. Kipaza sauti hiki kinakula umeme wa seli yake, na mpaka neno hili hakijakwaruza.

Pumzika kwa amani, Bi Masizi. Unasikika mpaka nyuma.