Kadi ya Ostrander Haijafika

Ukitaka ofisi ya jarida la Dubu Mweusi usihangaike kutafuta mlango. Ofisi ni benchi la mbele ya duka la donati la Marge, vikombe vinne vya karatasi vinavyofuka mvuke, na begi la ngozi la Emil Hrabovsky. Ng'ambo ya barabara ni lango la Bustani ya Michezo ya Kenwick, limefungwa tangu mwisho wa Oktoba, na juu ya miti iliyokwisha pukutisha majani umesimama mlima wa kwanza wa reli ya mbao, ndio Dubu Mweusi wenyewe, treni la michezo linalopanda na kuporomoka kwa kasi, lililowazeesha wote wanne wanaokaa hapa. Emil mji mzima wa Cutler unamwita Stepla. Miaka ishirini na mitano amebana kila nakala ya jarida kwa mkono wake mwenyewe, pini mbili, moja juu na moja chini, na ukimwambia pini moja yatosha atakununia mpaka Krismasi. Jumamosi ile ya Novemba, mwaka elfu mbili na tatu, Stepla alikuwa amenuna, na si kwa sababu ya pini. Toleo la kuadhimisha miaka ishirini na mitano lilitakiwa kwenda kupigwa fotokopi Jumatatu, na kadi moja ya posta ilikuwa haijafika.

— Piga fotokopi, yaishe, alisema Breki. Huyu alivuta wenzo wa breki wa Dubu Mweusi miaka kumi na tisa, na hadi leo akikaa, mkono wake wa kulia hautulii. — Wasomaji wenyewe wamebaki hamsini na wanane. Wengine wote wamehamia kwenye intaneti. Nani atajua kama jina moja limekosekana?

— Mimi nitajua.

— Haya, wewe na nani?

Stepla alikunywa kahawa ikamuunguza ulimi, akaimeza hivyo hivyo.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mwaka bustani ikifungwa, wasomaji hutuma kadi: jina, mji, na idadi ya mizunguko waliyopanda msimu huo. Jarida huchapa orodha ukurasa wa mwisho, mwenye mingi juu. Hakuna zawadi. Hakuna wa kuhakiki. Ni neno la mtu tu. Na tangu mwaka themanini na moja, misimu ishirini na miwili bila kukosa, jina la juu kabisa ni moja: L. Ostrander, Millbrook. Hakuna hata mmoja benchini aliyewahi kumtia machoni.

— Na mimi siwezi kumaliza historia bila yeye, alisema Profesa. Kazi yake Profesa ilikuwa kutengeneza tanuri za kupashia nyumba joto, shule aliiacha darasa la tisa, na historia ya jarida alikuwa ameiandika kurasa arobaini kwa penseli. — Nimeandika tulivyoanza kwa taipureta ya kanisa. Nimeandika ule mwaka tuliofika wasomaji mia sita na arobaini. Nimeandika ugomvi wa mwaka themanini. Nikifika kwa Ostrander, penseli inagoma. Niseme alikuwa nani?

— Mapacha, alisema Siti ya Nyuma.

Jina lake ni Dolores Petrak. Aliendesha basi la shule hadi kustaafu, na kwenye Dubu Mweusi hajawahi kukaa popote ila behewa la mwisho.

— Mapacha vipi, dada? aliuliza Profesa.

— Wawili, tiketi moja ya msimu. Mmoja anapanda asubuhi, mwenzake jioni. Mwaka tisini na nne aliandika mia tatu na themanini na nane. Mgongo mmoja ukaweza hayo? Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa wametoka wapi tena?

— Mfano tu, wee! Unataka nikuletee chawa?

— Mapacha ni habari ya kitoto, alisema Breki. Huyo ni mwenye bustani. Anakaa ofisini kwake, anajiandikia namba kubwa, watu waone wivu waje wapande. Biashara. Mficha uchi hazai, mjue.

— Hiyo methali haiingii hapo hata kwa nyundo, Breki, alisema Profesa.

— Inaingia. Alificha. Akazaa namba.

Siti ya Nyuma alicheka hadi kahawa ikamwagikia glavu. Stepla hakucheka. Alikuwa anatazama kona ya barabara, ambako gari la posta hutokea saa nne.

— Wewe Breki, alisema, ulisimama pale miaka kumi na tisa. Watu wote wa Dubu Mweusi walipita mbele ya macho yako. Huyo wa mia tatu na themanini na nane hukumwona?

Breki aliutazama mkono wake.

— Mimi nilikuwa natazama mabehewa. Vyuma vya mapajani vimefungwa au havijafungwa. Ukianza kutazama nyuso utamkata mtu mguu. Magoti nimeyaona mengi sana, Stepla. Ukiniletea magoti yake pengine nitayatambua.

Profesa akasogea mbele.

— Mimi nasema ni kampuni ya bima. Wanapima uti wa mgongo wa binadamu. L. Ostrander ni mdoli wa mpira, amejazwa mchanga, ana kofia. Anawekwa kwenye siti, anazungushwa, jioni wanamkata kidogo kuona kilichovunjika ndani.

— Na kadi anaiandika nani? Mdoli? aliuliza Siti ya Nyuma.

— Karani wa bima. Penye miti hapana wajenzi!

— Reli yenyewe ni ya miti na imejengwa, we mwanamume!

— Ndiyo maana nimeisema. Basi kama si mdoli, kuna jambo moja tu lililobaki, na nitalisema kwa kuwa sisi ni marafiki. Profesa alimgeukia Stepla taratibu. — Umemtunga wewe. Mwaka themanini na moja jarida lilikuwa linakufa, watu wamekasirika, ukatunga bingwa.

Wale wanaomjua Stepla wanajua kwamba unaweza kumtukana mama yake ukabaki na meno, lakini usimwite mwongo. Alisimama. Kikombe kilianguka.

— Mimi? Mimi nitunge? Ile themanini nilifanya kosa moja maishani mwangu. Swahiba wangu, tunakunywa bia pamoja kila Ijumaa, ananiletea mizunguko mia tisa, nami nikaichapa kwa sababu ni swahiba. Bustani ilifunguliwa siku tisini na sita tu mwaka ule! Wasomaji mia sita na arobaini walinicheka. Nikaweka sheria siku hiyo hiyo: anayekaa benchini na mhariri haingii orodhani, na aliye orodhani hakai benchini. Ninyi wote mliiapia! Na kadi iwe jina, mji, namba. Basi! Hakuna salamu, hakuna mashairi, hakuna "mpendwa Emil". Nimtunge mtu? Shika!

Alifungua begi, akatoa bunda la kadi lililofungwa kwa mpira, akalitupa mapajani mwa Profesa. Ishirini na mbili. Mwandiko mmoja, wima, wa mtu aliyezoea kuandika lebo za masanduku. Walizipitisha mkono kwa mkono, wakisoma namba. Mia mbili na kumi na moja. Mia mbili na sitini. Mia tatu na mbili.

— Hii mbona imekatwa? aliuliza Siti ya Nyuma.

Alikuwa ameshika ya mwaka themanini na tisa. Chini ilikuwa imepunguzwa kwa mkasi, ikawa fupi kuliko nyingine kwa upana wa kidole.

— Ilizidi, alisema Stepla.

— Ilizidi nini?

— Ilikuwa na maneno. Nimesema, maneno hayaruhusiwi.

— Maneno gani?

— Sikumbuki.

Akaketi. Alikuwa amesema uongo, naye hana mazoezi ya uongo. Alikumbuka vizuri sana. Chini ya namba, kwa mwandiko ule ule wima, Ostrander alikuwa ameandika: Jumamosi kuna nafasi kwenye benchi? Stepla wa mwaka ule alikuwa kijana wa miaka arobaini na nne, mwenye wasomaji mia sita na fahari yake. Alidhani mtu anataka kumnunua kwa urafiki. Alikata, akachapa namba, hakujibu. Kadi ya mwaka uliofuata ilikuja na jina, mji, namba. Na iliyofuata. Mwaka tisini na tano mke wa Stepla alifariki, na wiki ile alitamani sana kuandika kadi yeye, aipeleke Millbrook, maili kumi na nne tu. Lakini angeandika nini? Sheria aliiweka mwenyewe.

Gari la posta lilitokea kwenye kona, likasimama kwa Marge, likaacha bahasha mbili za bili ya umeme na gazeti la matangazo, likaenda zake.

— Basi tena, alisema Breki kwa upole usio wa kwake. Asiyekuwapo na lake halipo.

— Hiyo ndiyo ya kwanza umeipatia leo, alisema Siti ya Nyuma, na hata yeye hakufurahi.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipovuka barabara kutoka upande wa lango. Umri wa miaka arobaini na kitu, koti jepesi la mtu aliyeisahau Novemba ya hapa. Alikuwa amekumbatia mfuko wa karatasi wa dukani. Alisimama mbele yao akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayelinganisha na picha alizonazo kichwani.

— Samahani. Ninyi ndio watu wa jarida?

— Ndio sisi, alisema Profesa. Tuna nakala za zamani pia.

— Nyumbani zipo zote. Naitwa Corinne. Mimi ni binti wa Lyle Ostrander.

Mkono wa kulia wa Breki, kwa mara ya kwanza, ulitulia.

— Baba alifariki mwezi wa saba. Moyo. Nimechelewa kuja, ninaishi Oregon, na... nimechelewa. Leo ndio nimemaliza kusafisha nyumba. Nilikuta hii kwenye droo ya jikoni, tayari ina stempu.

Akampa kadi Stepla. Hakuuliza mhariri ni nani, alimpa tu. L. Ostrander, Millbrook. Sitini na tatu. Lyle alikuwa anaiandika upya kila wiki, ilionekana, kwa maana chini ya ile sitini na tatu palikuwa na namba nyingine za penseli zilizofutwa.

— Nilitaka niwashukuru, alisema Corinne. Nilikuwa nampigia simu kila Jumapili. Baada ya mama kuondoka hakuwa na mtu, alikaa peke yake kiwandani, peke yake nyumbani, nami nilikuwa na wasiwasi. Lakini kila Jumapili alinisimulia habari zenu. Anasema, "Jana nilikuwa benchini na wenzangu, tumecheka, Breki kasema hivi, Profesa kasema vile." Anawataja wote. Miaka na miaka. Mimi nikawa nalala vizuri.

Stepla aliwatazama wenzake. Profesa alikuwa anasoma kikombe chake. Kwenye jarida kulikuwa na safu ya maneno ya benchini, kila toleo, ukurasa wa pili. Mtu angeweza kuisoma Jumamosi na kuisimulia Jumapili.

Mdomo wa Stepla ulifunguka. Mtu mnyofu alikuwa na maneno matatu tu ya kusema, hakuwahi kukaa hapa, na hajawahi maishani kushindwa maneno matatu. Lakini Siti ya Nyuma alimwahi.

— Alikuwa mwenzetu, mwanangu, alisema. Mwenzetu kabisa.

— Kabisa, alisema Breki. Magoti yake nayajua.

— Nimemwandika kwenye historia, alisema Profesa.

Corinne aliitikia kwa kichwa, akafuta pua kwa mkono wa koti. Akafungua mdomo wa mfuko kidogo, wakaona kopo la bati ndani.

— Aliomba achomwe, na majivu yamwagwe chini ya mlima wa kwanza. Meneja ameniruhusu niingie sasa hivi, kabla ya saa sita. Nilifikiri ningenunua hapa kahawa yake, kama aliyokuwa anakunywa nanyi, niiweke pale pamoja naye. Halafu nikasimama pale langoni nikaona aibu. Sijawahi kunywa kahawa na baba yangu mimi. Niliondoka nina miaka kumi na saba, tulikuwa hatuelewani. Akatabasamu kidogo. — Alikuwa anakunywa kavu, au na maziwa?

Upepo ulisukuma kikombe kilichoanguka, kikaviringika hadi ukingo wa barabara. Breki alimtazama Profesa. Profesa alimtazama Siti ya Nyuma. Kisha wote watatu wakamgeukia Stepla, kwa kuwa kumbukumbu zote za jarida anazo yeye, na kwa miaka ishirini na mitano hakuna swali alilokosa jibu.

— Mwaka themanini na moja, alisema Stepla, na sauti haikuwa yake, — mizunguko mia mbili na kumi na moja. Themanini na mbili, mia mbili na sitini. Themanini na tatu ilinyesha sana, mia moja na tisini na nane, lakini bado alikuwa wa kwanza. Themanini na nne...

Corinne alisikiliza kwa adabu, mfuko kifuani, akingoja afike kwenye kahawa.

— ...tisini na nne, mia tatu na themanini na nane. Hakuna aliyewahi kuifikia.

— Na maziwa, basi? aliuliza. Na sukari?